Kujifunza umeme wa nyumba mpya: chuoni, kwa fundi, au kwa simu?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu haipumziki. Mzazi anauliza ampeleke kijana wake chuo cha ufundi stadi cha VETA au amkabidhi kwa fundi. Kijana aliyekuwa saidia fundi mwaka mzima anauliza chuo kitamwongezea nini, maana bomba anapiga na waya anavuta. Na siku hizi kuna mtu wa tatu: nyumba yake imefika kwenye lenta, ameangalia video miezi mingi, anauliza kwa nini asifunge umeme mwenyewe akaokoa hela ya fundi.

Mimi nilianza kwa kubeba ngazi ya fundi huku Dar es Salaam. Chuo nilikwenda baadaye, mikono ikiwa imeshazoea kazi, na mpaka leo nikikwama naingia kwenye simu kutafuta. Njia zote tatu nimezipita. Kila moja inafundisha jambo ambalo nyingine inaligusa juu juu, na kila moja inaacha pengo ambalo anayejifunza halioni mpaka siku kazi inapomharibikia. Kwa hiyo nianze na kazi yenyewe inataka nini, kisha tuzipime njia zote kwa mizani hiyohiyo.

Vigezo

Kwanza, mkono. Nyumba zetu ni za tofali na zege. Bomba la ukutani linaingia kabla ya lipu, na la kwenye slabu linalazwa kati ya nondo kabla zege halijamwagwa. Ukilisahau, utalitafuta kwa tindo na nyundo. Kukunja bomba la plastiki kwa springi bila kulibonyeza, kupunguza kona ili waya upite bila kuchubuka, kupanga boksi za swichi zikae usawa mmoja nyumba nzima: hayo huyajui kwa kuelezwa, unayajua kwa kurudia.

Pili, hesabu na kanuni. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, hezi 50, na desturi yetu ya kufunga ilitoka kwenye kanuni za Uingereza, zile zinazoitwa BS 7671, pamoja na viwango vya kimataifa vya IEC 60364. Kanuni hizo zina sababu. Chukua shawa ya maji moto ya wati 5,500. Gawa kwa 230 unapata karibu ampea 24. Fundi asiyepiga hesabu ataifunga kwenye waya wa 2.5 mm² wenye breka ya ampea 20, na breka inaweza kuwa inajizima watu wakioga kwa muda. Mwenye nyumba atalalamika, fundi atarudi na breka ya 32. Sasa haijizimi tena, mwenye nyumba anashukuru. Lakini breka ile kazi yake ilikuwa kulinda waya, na waya ndio uliobaki bila mlinzi. Ndani ya ukuta gamba lake la plastiki linaweza kuiva taratibu, mwaka huu, mwaka ujao, hakuna anayeliona. Shawa ile ilihitaji njia yake peke yake kutoka kwenye DB (boksi la breka), kwa waya wa 4 mm² au 6 mm² kutegemea umbali na namna ulivyolazwa.

Na rangi pia ni kanuni. Zamani tulitumia nyekundu, njano na bluu kwa fezi tatu (nyaya za moto), nyeusi ikiwa nyutro (waya wa kurudi). Mfumo mpya, ambao Uingereza iliuanza 2004 na kuufanya wa lazima 2006, unatumia kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu ikiwa nyutro. Madukani kwetu utakuta nyaya za mifumo yote miwili, wakati mwingine kwenye rafu moja. Angalia kilichotokea: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa inaweza kuwa fezi, na bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Anayejua mfumo mmoja tu akiingia kwenye nyumba iliyoongezwa vyumba baadaye, anaweza kushika waya wa moto huku moyo umetulia.

Tatu, kupima. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nyumba nyingi zinapoachwa. Taa kuwaka siyo kipimo. Chukua ringi ya soketi: waya wa 2.5 mm² unatoka kwenye breka ya 32, unapita soketi zote, unarudi kwenye breka ileile. Umeme unafika kila soketi kwa njia mbili, na ndiyo sababu waya mwembamba hivyo unaruhusiwa chini ya breka kubwa hivyo. Sasa skrubu moja ilegee nyuma ya soketi ya sebuleni, ringi ikatike. Pasi itapata moto, friji itanguruma, televisheni itawaka. Kila kitu kitafanya kazi, ila upande mmoja wa waya utabeba mzigo uliokuwa wa pande mbili, na breka haina habari. Jicho haliwezi kuliona hilo. Linaonekana ukizima umeme, ukachomoa ncha mbili za laivu (waya wa moto) pale kwenye DB na kupima kama zimeungana, kisha nyutro, kisha ethi (waya wa usalama uendao ardhini), kila moja peke yake.

Ethi nayo ina hesabu yake. Nyumba nyingi zinategemea nondo ya ethi iliyopigwa nje. Tuseme ukinzani wa nondo hiyo ardhini ni ohm 20, kipimo ambacho wengi wetu tungekifurahia. Laivu ikigusa bodi ya friji, mkondo unaoingia ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 32 haitashtuka. Bodi inabaki na umeme ikimsubiri mtoto aliyetoka kuoga miguu mitupu. Kinachokata hapo ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachohisi umeme unaovuja. Kwa hesabu, volti 50 (kikomo kinachokubalika kubaki kwenye bodi) gawa kwa ampea 0.03 inakupa ohm 1,667, kwa hiyo RCD inaweza kufanya kazi hata kwenye udongo mbaya. Hata hivyo ushauri wa kanuni ni nondo isizidi ohm 200, kwa sababu udongo ukikauka kiangazi kipimo hupanda. Na kile kitufe cha T kwenye RCD kinajaribu RCD yenyewe tu. Unaweza kukata waya wa ethi kabisa na kitufe bado kikaitika.

Nne, karatasi. Sheria ya Umeme ya 2008 ya Tanzania inahesabu kazi ya kufunga mifumo ya umeme kuwa shughuli ya leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, la juu likiwa A kushuka hadi D, na daraja W la wiremani. Ukiomba kuunganishiwa umeme TANESCO, kazi ya ndani inatakiwa iwe imethibitishwa na fundi mwenye leseni. Asiye na leseni anaishia kutafuta mhuri wa kukodi, sahihi ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwenye hiyo nyumba. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona nyumba zenye karatasi safi na ethi isiyofika popote. Kwa walio Kenya, anayetoa vyeti vya mafundi umeme ni EPRA, mdhibiti wa nishati, kwa madaraja, na kipimo cha ufundi hufanywa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la III kupanda hadi la I. Zanzibar mafunzo yako chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali.

Tano ni muda na hela, jambo ambalo kila mtu analijua hali yake.

Njia ya kwanza: chuo

Ninaposema chuo nakusudia vituo vya VETA kama Chang'ombe, pamoja na vyuo vya maendeleo ya wananchi na vya binafsi. Kwa vya binafsi uliza kwanza kama vimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Kibao kizuri barabarani hakitoi cheti kinachotambulika.

*Mkono.* Karakana ya chuo ina mbao za kufungia. Unafunga taa moja kwa swichi moja, unafungua, unafunga taa ya ngazi kwa swichi mbili, unafungua tena. Faida yake ni kwamba unaruhusiwa kukosea. Upungufu wake ni kwamba mbao haina lenta ndani. Nilipokea kijana mmoja kutoka chuo, kwenye karatasi alinichorea mzunguko wa swichi mbili na ya katikati bila kuinua kalamu. Siku ya kwanza saiti alichimba ukuta kwa mlalo mrefu chini ya dirisha kana kwamba tofali halina uzito wa kubeba. Baada ya miezi mitatu alikuwa sawa na wenzake, na baada ya sita walikuwa wanamuuliza yeye.

*Kanuni na hesabu.* Hapa chuo kinaongoza. Unajifunza kwa nini taa zinatumia 1.5 mm² na breka ndogo, kwa nini voltage haitakiwi kushuka zaidi ya asilimia 3 kwenye taa na 5 kwenye matumizi mengine, kwa nini soketi ya kawaida haikai karibu na shawa. Ukijua sababu, ukikutana na nyumba ambayo hukuwahi kufundishwa bado utaielewa.

*Kupima.* Nilishika megga, kifaa cha kupima kama gamba la waya ni zima, kwa mara ya kwanza chuoni, nikiwa nimeshafunga nyumba kadhaa kama fundi. Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi niliazima kifaa, nikaenda kwenye nyumba niliyoifunga karibu mwaka mmoja nyuma. Nilimwomba mwenye nyumba azime, nikachomoa vyombo vyote, nikatoa balbu, nikatenga vifaa vya elektroniki, nikabonyeza kwa volti 500 kati ya laivu na ethi ya njia ya taa. Kanuni inataka angalau megaohm 1. Sindano ilisimama kwenye 0.3. Nilipanda darini na tochi, na kwenye chumba cha pili nikakuta msumari wa siling bodi umepita pembeni ya waya, umechubua gamba na kugusa shaba kidogo tu. Taa zilikuwa zinawaka kila usiku. Nilikata, nikaunganisha upya ndani ya boksi, nikapima tena, sindano ikaenda mpaka mwisho. Mwenye nyumba aliuliza kama kuna malipo, nikamwambia hapana, hiyo ni deni langu.

*Karatasi.* Njia imenyooka. Unatoka na Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ngazi ya I hadi III kulingana na ulikofika, na cheti hicho ndicho cha kuanzia unapoomba leseni.

*Muda na hela.* Kila ngazi ni takriban mwaka mmoja, na katikati kuna mafunzo kazini. Chuo cha serikali hakina ada ya kutisha, kinachokula pesa ni nauli, chakula, ovaroli na vifaa. Gharama kubwa zaidi ni ile isiyoandikwa kwenye fomu: kijana anayesoma mchana haingizi kitu nyumbani.

*Inamfaa nani.* Kijana aliyemaliza shule, ambaye familia inaweza kumbeba mwaka au miwili. Pia fundi wa mtaani aliyefika mahali anaona kazi kubwa zinampita kwa sababu ya karatasi.

Njia ya pili: kwa fundi

*Mkono.* Hakuna karakana inayoweza kushindana na saiti. Mzee aliyenifundisha alikuwa haniamini hata kwa skrubu moja. Nikimaliza kukaza soketi anasema, "Vuta." Navuta laivu. "Vuta nyingine." Navuta nyutro. "Na hiyo." Navuta ethi. Waya ukitoka hata nusu milimita, tunaanza upya: kata ncha, menya, kunja mara mbili, ingiza, kaza, vuta. Alikuwa ananifanya nirudie mpaka nasikia kero, halafu jioni ananinunulia chai na chapati mbili. Leo nikipita nyuma ya fundi mwingine huwa navuta kwanza kabla ya kutoa kifaa chochote mfukoni.

Kwa fundi unajifunza pia mambo ambayo hayana mtaala: kuongea na fundi mwashi ili akuachie nafasi, kumshawishi mwenye nyumba asipunguze soketi za jikoni, kukadiria bomba na nyaya kwa kutembea tu ndani ya boma, kutambua waya bandia kwa kuukunja na kuangalia shaba yake. Hili la waya bandia lina thamani kubwa. Umeandikwa 2.5 lakini shaba ndani ni nyembamba, au ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na hesabu yote ya kitabuni inaharibika hapo.

*Kanuni na hesabu.* Inategemea kabisa umepata fundi gani. Wapo wanaokueleza sababu, na wapo wanaosema "sisi tunafanya hivi". Kwa miaka miwili nilifunga 2.5 kwenye soketi na 1.5 kwenye taa bila kujua kwa nini, na kama mzee angekuwa na tabia mbaya ningeirithi tabia hiyo nikidhani ndiyo kazi.

*Kupima.* Hili ndilo pengo la mtaani, nalisema bila kuwadharau walionilea. Kifaa cha kawaida ni testa ya bisibisi. Inakuonyesha kama kuna laivu. Haikuambii kama ethi ipo, kama ringi imekamilika, wala kama gamba la waya limechubuka. Niliwahi kuitwa Chanika kwenye nyumba ambayo friji ilikuwa inapiga shoti. Nondo ya ethi ilikuwepo nje, imekaa vizuri kwenye kishimo chenye mfuniko, klampu imekazwa, waya wa kijani na njano unaingia ukutani. Kwenye DB pia waya wa kijani na njano ulitokeza. Ni nyaya mbili tofauti. Katikati, chini ya lipu, hazikuwahi kukutana. Aliyefunga alikuwa na mkono mzuri mno, kila boksi lilikuwa limenyooka. Angepima dakika moja tu angejua.

*Karatasi.* Mwanzoni huna. Lakini VETA ina mfumo wa urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa anachokijua, anajaziwa mapengo, anapewa cheti bila kuanza darasa moja na wanaotoka shule. Nenda kituo cha karibu uulize upimaji wa fani ya umeme utakuwa lini. Wengi wanaendelea na mihuri ya kukodi kwa kutojua tu kwamba mlango huu upo.

*Muda na hela.* Unaanza kupata hela ya kula tangu wiki ya kwanza. Kuiva huchukua miaka miwili hadi mitatu, na zaidi kama fundi wako anakuachia kuchimba ukuta tu na DB anafunga peke yake. Hilo la mwisho ulichunguze mapema. Ukimaliza miezi sita bila kufungua DB hata mara moja, mwambie mzee kwa heshima kwamba unataka kujifunza na hiyo. Asipokubali, tafuta fundi mwingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye majukumu anayehitaji kula leo, na mwenye kujifunza zaidi kwa kushika kuliko kusoma. Na yeyote aliyebahatika kumjua fundi mwenye leseni anayependa kufundisha, maana huyo ana thamani kuliko chuo kibaya.

Njia ya tatu: simu na kujisomea

*Mkono.* Karibu hakuna. Video haikuonyeshi ugumu wa kuvuta nyaya sita kwenye bomba lenye kona tatu. Unaweza kununua mbao, swichi na soketi mbili ukajizoeza nyumbani bila umeme, na wapo vijana waliofika mbali hivyo, lakini ukuta utakuja kukufundisha upya.

*Kanuni na hesabu.* Wengi wanadharau upande huu, nami sikubaliani nao. Hesabu za mzigo, ukubwa wa waya, jinsi RCD inavyofanya kazi, yote unaweza kuyaelewa vizuri sana kwenye simu, na unarudia mara kumi bila mwalimu kuchoka. Tatizo ni nchi ya video. Ya Marekani ni volti 120 kwa vyombo vingi na hezi 60, nyumba ni za mbao, nyaya zinapigiliwa kwenye mbao bila bomba, waya wa moto ni mweusi na nyutro ni nyeupe. Kijana aliyekariri kwamba nyeusi ni moto akija kwenye nyumba ya Temeke yenye nyaya za zamani, nyeusi ni nyutro. Ya India iko karibu na sisi kwa voltage na hezi, ila soketi zao ni za ampea 6 na 16 za pini za duara, na hazina fyuzi kwenye plagi kama hizi zetu za pini za mraba za ampea 13. Ringi ya soketi utaielewa vizuri zaidi kwenye video za Uingereza, kwa sababu ndiko ilikozaliwa. Kabla hujabonyeza, angalia mtu anafunga nchi gani na kwa mwaka gani.

*Kupima.* Utaona jinsi kifaa kinavyotumika. Kifaa chenyewe huna, na megga nzuri siyo bei ya bando. Multimita ya kawaida unaweza kununua na kujifunzia mwendelezo wa waya ukiwa umezima umeme. Hapo ndipo mwisho wake.

*Karatasi.* Hakuna. Kutazama video elfu hakukuruhusu kisheria kufunga nyumba, hata kama ni yako. Kilichonivutia ni wazo la katikati ambalo VETA na Airtel walilileta mwaka 2016 kupitia programu ya VSOMO: nadharia kwenye simu, kisha vitendo kwenye karakana ya VETA. Mchanganyiko wa namna hiyo unaziba nusu ya pengo.

*Muda na hela.* Bando na subira.

*Inamfaa nani.* Aliye tayari kwenye moja ya njia mbili za mwanzo, akitaka kuelewa zaidi anachokifanya mchana. Na mwenye nyumba anayetaka kujua cha kumuuliza fundi.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Umemaliza kidato cha nne na nyumbani wanaweza kukubeba: nenda chuo, lakini usisubiri mafunzo kazini ya chuo ndipo uione saiti. Likizo ya kwanza tu tafuta fundi, mbebee ngazi bila kudai malipo makubwa. Utarudi darasani na maswali ambayo wenzako hawana.

Una mke na mtoto, na kila siku lazima kieleweke: shika njia ya fundi. Jiwekee lengo la kununua multimita ndani ya miezi mitatu. Jioni mbili kwa wiki soma jambo moja ulilolifanya mchana na utafute sababu yake. Baada ya miaka miwili nenda kwenye urasimishaji wa ujuzi.

Tayari ni fundi wa mtaani mwenye wateja: huhitaji kujifunza upya kupiga bomba. Unachohitaji ni kupima na karatasi. Tafuta kozi fupi au upimaji wa VETA, na kama megga ni ghali kwako, changeni mafundi watatu au wanne mnunue moja mzunguke nayo. Anza kwa kupima nyumba ulizozifunga mwenyewe. Utaumia moyo kidogo, kama nilivyoumia mimi.

Wewe ni mzazi, na kijana hana uhakika kama anaupenda umeme: mpe miezi miwili kwa fundi unayemwamini kabla ya kulipa ada yoyote. Wiki ya kuchimba kuta kwenye vumbi huonyesha mengi. Kabla ya kumkabidhi, muulize fundi swali moja: ethi unaipima kwa kifaa gani? Akikutajia kifaa, mwache kijana. Akikwambia anaijua kwa macho, mshukuru uondoke.

Uko kijijini, na nyumba yako ni chumba na sebule: huenda huhitaji mfumo mzima leo. Kwenye miradi ya REA, wakala wa umeme vijijini, kimetumika kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, chenye breka, soketi na taa mahali pamoja, ili nyumba ndogo ipate umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kijana wa kijijini anayejifunza aanze kwa kukielewa hicho vizuri, kisha apande.

Na wewe wa nyumba iliyofika lenta, uliyeangalia video nyingi: kufunga mwachie mwenye leseni, ila usiitupe elimu uliyoipata. Kabla ya lipu, piga picha ya kila ukuta wenye bomba, tepu ya kupimia ikiwa imekunjuliwa ukutani na namba zinaonekana, ili atakayetundika kabati miaka kumi baadaye ajue pa kutoboa. Hesabu mwenyewe vyombo vikubwa utakavyokuwa navyo, shawa, jiko, kiyoyozi, pampu, umpe fundi orodha kabla hajanunua waya. Siku ya kukabidhi, muombe akuandikie kwenye karatasi namba tatu mbele yako: megaohm za kila njia, ohm za nondo ya ethi, na muda RCD iliotumia kukata. Akisema hana kifaa, bakiza sehemu ya malipo mpaka akiazime arudi nacho.